Stesheni Gani, Siku Gani, Walisema Nini?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya wakazi, viongozi wa vikundi na waandishi wa mashinani waliokutana Kondele, Kisumu. Wenzetu wa Busia, Kakamega na Nakuru ambao hawakufika waliomba kuyasoma. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na sentensi chache nimezinyoosha. Mengine yamebaki nilivyoyatamka.

Oyawore uru. Mulembe. Chamgei. Wageni mliosafiri usiku kutoka Nakuru, poleni na barabara.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama wa vikundi vya Nyalenda na Manyatta, vijana wa boda mlioegesha pikipiki pale nje, na nyinyi wenzangu wa kalamu mliosimama karibu na mlango kama kawaida yenu, ili hotuba ikirefuka mtoroke: hamjambo?

Nimeitwa nizungumze juu ya kilio kimoja tunachokisikia kila uchaguzi unapokaribia. Mwanasiasa anapanda juu ya gari, anashika kipaza sauti, anasema vyombo vya habari vinamwonea. Mwenyekiti alitaka nijibu kwa ndiyo au la. Vinawaonea au haviwaonei? Nitajibu sasa hivi, ili anayetaka kuwahi soko la Kibuye aende zake. Mara nyingine, ndiyo, vinawaonea. Lakini upendeleo mkubwa hauko pale wanapoelekeza kidole, na anayeumizwa nao zaidi si yule anayepiga kelele.

Haya, waliobaki tuendelee.

Mimi nikimsikia mwanasiasa akilia hivyo, namuuliza maswali matatu. Stesheni gani? Siku gani? Walisema nini? Simuulizi kwa ubaya. Mtu aliyeibiwa ng'ombe akienda kwa chifu huulizwa ng'ombe wa rangi gani, ameibiwa lini, alikuwa amefungwa wapi. Hawezi kusema tu, "Kijiji hiki kina wezi," halafu aketi akingoja makofi.

Kuna wakati maswali hayo yalijibika kwa urahisi. Wazee, mnaikumbuka taarifa ya habari ya KBC, redio na runinga ya serikali, enzi za utawala wa chama cha KANU. Hata kama mto Nyando umevunja kingo na watu wamelala juu ya paa, kwanza uliambiwa Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo ameamkia wapi, amesali wapi na amemwambia nani nini. Vyama vya upinzani vilirudi debeni mwaka 1992, lakini ilibidi yafikiwe mapatano ya IPPG, kundi la wabunge wa KANU na wa upinzani, mwaka 1997 ndipo sheria iitake KBC iwatendee haki wagombea wa vyama vyote. Stesheni gani? KBC. Siku gani? Kila siku. Walisema nini? Nyinyi wenyewe mnaweza kuniimbia. (Vicheko.)

Sasa njooni karibu kidogo, tuangalie midahalo ya urais.

Wa kwanza ulifanyika Februari 2013. Walikuja wagombea wote wanane, na wawili kati yao ilibidi wapiganie nafasi zao kwanza. Uhuru Kenyatta aliulizwa habari ya kesi yake ya The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, angeongozaje nchi akiwa mshtakiwa. Upande wake ulitoka pale umenuna: mdahalo umemwonea, wa pili haji. Siku ya wa pili ilipofika, alikuja.

Miaka minne ikapita. Julai 2017, Uhuru ni rais, mdahalo umeandaliwa Nairobi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki. Hakuja. Raila Odinga, Mungu amrehemu, alisimama peke yake na kujibu maswali. Hapa Kisumu tulifurahi. Tulisema, tazameni mtu asiyeogopa kuulizwa. Tulisema hivyo, hatukusema?

("Tulisema!")

Haya. Miaka mitano ikapita. Julai 2022, chuo kile kile. Safari hii William Ruto ndiye aliyekuwa amelalamika muda mrefu kwamba magazeti na runinga kubwa zimeungana dhidi yake, na watu wake walikuwa wametishia kuukwepa mdahalo. Usiku ulipofika Ruto akaja, na Raila hakuja. Ruto akasimama peke yake na kujibu maswali. Je, hapa Kisumu tulisema, tazameni mtu asiyeogopa kuulizwa?

Mbona mmenyamaza?

Sisemi hivi kumkosea heshima marehemu. Nasema kwa sababu kilio hiki hakina chama. Anacholilia mtu akiwa nje, hukisahau akiingia ndani. Ni Uhuru aliyeona mdahalo umemwonea, na ni Uhuru huyo huyo ambaye, akiwa Ikulu, alisema gazeti ni la kufungia nyama.

Na kwa kuwa tumeanza kusemezana ukweli, nitasema jambo ambalo huenda likanikosesha chakula cha mchana. Mwaka 2022 Ruto alikuwa na hoja. Mediamax, wenye K24 na Kameme, inahusishwa na familia ya Kenyatta. Standard na KTN kwa muda mrefu zimehusishwa na familia ya Moi. Familia zote mbili zilikuwa upande wa Azimio, muungano wa Raila. S. K. Macharia wa Royal Media, mwenye Citizen, Ramogi FM na Mulembe FM, hakuficha alikuwa akimuunga mkono nani. Ukijumlisha hapo, mtu ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni mwanzo tu. Mwenye stesheni akipenda mgombea, je, taarifa ya saa moja ilisema uongo? Stesheni gani, siku gani, walisema nini? Kwa maswali hayo nilitarajia ushahidi, na kilichokuja zaidi kilikuwa matusi kwa waandishi waliotumwa kuripoti mikutano ya hadhara, vijana wenye kamera begani ambao hata hawamjui mwenye kampuni kwa sura.

Baadaye upande uliokuwa ukilia ulishinda. Mnakumbuka kilichofuata? Juni 2023, Waziri wa Biashara alisema hadharani kwamba ofisa wa serikali atakayepeleka tangazo Nation, kampuni ya magazeti yenye NTV, ajihesabu amefutwa kazi. Machi 2024 ukatoka mwongozo kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yaende KBC. Tarehe 25 Juni 2025, vijana wakiwa barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo.

Na msinicheke nyinyi wa upande wa pili, maana Uhuru ndiye aliyekuwa rais, na Ruto naibu wake, tarehe 30 Januari 2018, Raila alipokula kiapo Uhuru Park na serikali ikazima Citizen, NTV na KTN News. Mahakama iliamuru ziwashwe, na bado Citizen ilikaa gizani zaidi ya wiki. Kabla ya hapo, Machi 2006, watu waliofunika nyuso walivamia Standard usiku na kuchoma magazeti, na waziri wa usalama, marehemu John Michuki, akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Huyo alikuwa katika serikali ya Kibaki, serikali iliyoingia mamlakani ikisifu uhuru wa habari.

Ndiyo maana nasema tusikubali kilio hiki bila maswali. Wananchi wakishazoea kuambiwa kwamba waandishi wote wamenunuliwa, siku mitambo inapozimwa hakuna wa kuuliza mbona imezimwa. Watu watasema, waache, walikuwa wakituonea.

Nije kwa jambo la pili, ambalo mlinipigia simu mkilitaka. Tarakimu za Agosti 2022.

Tume ya uchaguzi, chini ya Wafula Chebukati, ilifanya jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Fomu 34A, yaani karatasi za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, na vituo vilikuwa 46,229, ziliwekwa kwenye tovuti ya umma. Yeyote mwenye simu aliweza kufungua fomu ya kituo chake na kuona kama inafanana na ile iliyobandikwa mlangoni.

Kumbukeni kilichowekwa kilikuwa picha ya karatasi. Hakuna jumla iliyokuwa ikijihesabu yenyewe. Ili upate hesabu ilibidi mtu aifungue fomu, asome mwandiko wa karani aliyeandika saa nane ya usiku kwa taa ya simu, aingize tarakimu kwenye kompyuta, aende kwa nyingine. Kila kampuni ya habari iliketisha watu wake na kila moja ikaanza inapotaka. Huyu ameanza na fomu zilizofika kwanza, yule anachukua kaunti moja baada ya nyingine, mwingine anaokota huku na kule. Matokeo yake mliyaona. Ukifungua stesheni hii Raila anaongoza, ukibonyeza ile Ruto yuko mbele, na zote mbili zinasoma fomu zile zile za tume.

Hapa Kondele kulikuwa na duka lenye runinga, na watu wamejaa hadi barabarani. Kila stesheni ilipobadilishwa, upande mmoja ulishangilia na mwingine ukatukana. Mtu mmoja alimlazimisha mwenye duka aache rimoti. Alikuwa amechagua stesheni kama mtu achaguaye kanisa.

Mimi usiku ule nilikuwa katika chumba kimoja cha habari, sitakitaja. Simu ililia. Mtu wa Azimio, kwa sauti ya juu, anauliza mbona tunampendelea Ruto. Nikamsikiliza. Sijaweka simu chini vizuri, mtu wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, anapiga, naye anauliza mbona tunampendelea Raila. Jedwali lilikuwa lile lile. Nikamuuliza kila mmoja swali moja: fomu ya kituo gani tumeikosea? Mmoja alikata simu. Mwingine aliniambia nitakiona cha mtema kuni.

Hiyo ni hoja ya kuwatetea waandishi. Lakini sikuja hapa kuwatetea tu, na nyinyi wa mlangoni msijifanye kuangalia simu.

Siku ya pili, ya tatu, mahesabu yalianza kupungua kasi. Stesheni moja ikasimama, nyingine ikafuata. Hakuna aliyekaa mbele ya kamera akasema: ndugu Wakenya, tumesimama kwa sababu hii na hii, watu wetu wamechoka, au tumeogopa, au tumeambiwa. Chochote! Nchi nzima ilikuwa ikiwatazama nao wakanyamaza. Mtaani hapa nilisikia maelezo ya kila aina, na sikuwa na la kumjibu mtu. Tarehe 15 Agosti Chebukati alitangaza Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura Nairobi, kwamba Ruto amepata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930, huku makamishna wanne wakiyakana matokeo. Kura 233,211 ndizo zilizowatenganisha. Katika mchuano wa karibu kiasi hicho, kila jedwali lililosimama katikati liligeuka ushahidi wa njama mikononi mwa aliyelitaka.

Mhariri akifikiri kunyamaza ni kutopendelea, anakosea. Tuna kumbukumbu mbaya za ukimya sisi watu wa huku. Tarehe 30 Desemba 2007, saa zile zile matokeo yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Vilikuja nini badala yake? Vilikuja ujumbe mfupi wa simu. Kisumu ilisikia kwamba watu wake wanauawa Naivasha kabla hawajauawa, Nakuru ikasikia yake, na mwishoni mwa Januari mauaji ya kweli yakaja Nakuru na Naivasha. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini, na hapa mjini wengi waliokufa walipigwa risasi. Sisemi redio zilikuwa na mikono safi. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilizinyoshea kidole stesheni za lugha za mama, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa The Hague hadi kesi ilipokatizwa mwaka 2016. Huko nyuma, vipindi vya kupiga simu studioni vilisikika mambo ambayo sitayarudia mbele ya watoto hawa.

Kwa sababu ya woga wa mwaka 2007, mwaka 2013 waandishi walikuja wakiwa wameumeza ulimi. Vifaa vya kutambua wapiga kura vilikwama vituoni, mfumo wa kutuma matokeo ukakwama, na stesheni zikatupigia nyimbo za amani. Nani asiyependa amani? Lakini mtu wa Kisumu aliyetaka kujua mashine zimekufaje aliachwa aulize kinyozi.

Katikati ya ukimya huo ndimo matapeli hupata nafasi. Mwaka 2017 zilisambaa video zilizotengenezwa zifanane na za BBC na CNN, zikidai kura ya maoni inaonyesha mgombea fulani anaongoza. Kurasa za mbele za magazeti zinaghushiwa kila uchaguzi, nembo iko sawa, tarehe iko sawa, habari ni ya kutungwa. Mwaka 2027 watakuwa na sauti za kutengenezwa na mashine, na utamsikia gavana wako akisema kwa Kidholuo safi jambo ambalo hakulisema. Hapo swali la kwanza linakuokoa. Stesheni gani? Fungua hiyo stesheni uone kama wanayo.

Sasa niwape upendeleo ninaoujua mimi. Hapa nitakaa kidogo.

Kampeni zikianza, mgombea mkubwa ana helikopta. Ndani ya helikopta kuna viti vya waandishi. Asubuhi mnaruka kutoka Kisumu, mnatua Bondo, mnatua Ugunja, mnavuka hadi Mumias na Malava, jioni mnarudi na habari za mikutano mitano. Mwandishi wa mashinani halipwi mshahara. Wengi wao wanalipwa kwa habari iliyochapishwa au kupeperushwa, na ikikaliwa na mhariri hakuna malipo. Mpeni hesabu hiyo mtu yeyote mwenye watoto. Atapanda helikopta au atapanda boda?

Kampeni moja, kulikuwa na mama kule Seme anawania uwakilishi wa wadi. Hakuwa na gari. Alikuwa akitembea, na alipochoka alikalia kiti cha plastiki nje ya zahanati na kuongea na akina mama waliokuja na watoto wenye homa. Alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika tarehe ambazo zahanati ile ilikosa dawa ya malaria, mwezi baada ya mwezi, na fedha ambazo kaunti ilisema imetenga. Kijana mmoja mwandishi alimfuata siku nzima, akaandika habari nzuri, safi, yenye tarakimu. Jioni hiyo hiyo mgombea mmoja wa ugavana alimwita mwenzake "fisi" huko Ahero.

Mnajua ni habari ipi ilitoka.

Kijana yule aliniambia, "Mzee, boda tu imenikula pesa kuliko ambazo ningelipwa kama ingetoka." Na mhariri wa zamu katika kampuni hiyo alikuwa ameuliza swali moja tu: "Huyo mama anajulikana na nani?" Ni nani angemjua bila hiyo habari kutoka?

Mama yule alishindwa. Hajawahi kusimama popote akalalamika kwamba vyombo vya habari vilimwonea. Angelalamikia wapi? Ili ulalamike na usikike, lazima kwanza uwe na kipaza sauti. Anayelia kwenye runinga kwamba runinga haimwonyeshi, analia akiwa kwenye runinga.

Na wanawake wanaobahatika kuonekana, sikilizeni wanachoulizwa. Mwaka 2022 tulichagua magavana saba wanawake nchini, Gladys Wanga jirani hapa Homa Bay, Susan Kihika kule Nakuru. Mgombea mwanaume huulizwa barabara. Mgombea mwanamke huulizwa mumewe anasemaje, ndipo aulizwe barabara kama muda umebaki.

Halafu kuna bahasha. Naona watu wa mlangoni mmeanza kukohoa. Mnaiita nauli, mnaiita mshiko, mnaiita ya chai. Msaidizi wa mheshimiwa anaandika majina yenu kwenye karatasi mkutano ukiisha, nanyi mnapanga foleni. Sitawahukumu, kwa sababu najua kampuni zenu zinawalipa nini na zinawalipa lini. Ila nawaambia wananchi: mkitaka habari isiyo na bahasha, mjue mwenye kampuni amewaacha hawa vijana wale kwa jasho la mwanasiasa. Na mwanasiasa anayepiga kelele kuhusu waandishi walionunuliwa, muulizeni msaidizi wake ile karatasi ya majina iko wapi.

Matangazo nayo. Kaunti inatangaza zabuni, inatangaza nafasi za kazi, inalipia vipindi. Redio ndogo ya hapa kwetu inaweza kuishi kwa hayo. Ikitokea imeuliza dawa zimeenda wapi, tangazo la mwezi ujao haliji, na hakuna aliyewaandikia barua ya kuwatisha. Kimya tu. Ukiwauliza wenye redio, watakuambia tangazo limechelewa.

Na kura za maoni, hizo za "nani maarufu kaunti hii". Tuna sheria tangu mwaka 2012 inayomtaka anayezichapisha aseme nani alizilipia, waliulizwa watu wangapi, na waliulizwa vipi, na inazuia kuzichapisha siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Mkisikia mtangazaji anasoma asilimia bila kusema nani alilipia, hamjasikia utafiti hapo. Mmesikia tangazo la biashara.

Nina la mwisho kabla hatujafika kwenye kazi. Ni la hapa hapa mlipoketi.

Kondele. Ukiandika jina hili mbele ya mhariri wa Nairobi, anaona tairi linalowaka. Wanakuja siku mbili kabla ya matokeo wakiwa na fulana za kuzuia risasi na kofia za chuma, wanapanga kamera kwenye mzunguko, wanasubiri. Soko limefunguliwa, watoto wanaenda shule, hakuna picha. Kijana mmoja akishika jiwe, picha imepatikana. Agosti 2017, polisi walipoingia nyumbani kwa watu usiku, mtoto wa miezi sita kule Nyalenda alipigwa rungu akafa. Serikali ilikuwa ikisema hakuna aliyepigwa risasi akiandamana kwa amani, na baadhi ya runinga kubwa siku hizo za mwanzo zilisoma kauli hiyo kama ilivyo, huku kamera zao ziko mji huu huu. Ni waandishi wachache, wengi wao wa mashinani, waliogonga milango na kuuliza. Mahakama hapa Kisumu ilikuja kuchunguza kifo hicho, na mwaka 2019 ikaona polisi walihusika.

Oktoba mwaka ule ule, marudio ya uchaguzi hayakufanyika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Taarifa zilisema "ngome za upinzani". Ngome! Mama anayeuza omena Dunga ni ngome? Mnaona upendeleo uliko? Mwanasiasa akiitwa jina baya ana wakili, ana msemaji, ana bloga anaowalipa. Mtaa ukiitwa jina baya, mwekezaji haji, na kijana wa Kondele akiomba kazi Nairobi anaulizwa kama alirusha mawe.

Basi, kazi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Katiba, kifungu cha 34, inavipa vyombo vya habari uhuru, na inavitaka vile vya serikali visipendelee na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kupokea malalamiko, na lalamiko linaandikwa. Halihitaji wakili. Linahitaji jina la stesheni, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa.

Kwa hiyo tumenunua madaftari. Yale pale mezani, ya kurasa mia moja, yamepigwa mistari tayari. Kila mtu anachukua stesheni moja na taarifa moja kwa siku. Unaandika mgombea aliyetajwa, muda aliopewa, kama sauti yake mwenyewe ilisikika au alisimuliwa tu, na kama aliyetuhumiwa alipewa nafasi ya kujibu. Unaandika pia wadi zilizotajwa, maana nataka kujua Seme itatajwa lini. Usiandike unavyojisikia. Ukimpenda mgombea, chukua stesheni ambayo huipendi, itakunyoosha masikio.

Ramogi FM ya asubuhi imechukuliwa na mama wa Manyatta pale. Radio Citizen ya saa saba wamegawana vijana wawili wa boda. KBC Mayienga iko na Mzee wa safu ya mbele, amesema atasikiliza mpaka matangazo ya vifo. Nakuru wanachukua zao, watatuambia. Waandishi wa mlangoni hamruhusiwi kuchukua stesheni zenu wenyewe. Mulembe FM ya jioni bado haina mtu, na West FM ya Bungoma pia. Nani anayeelewa Kibukusu vizuri?

Njoo, dada. Andika jina lako hapa, na nambari ya simu.